Mvua Kaja kwa Nyuma

Salma, anayesimamia somo la Kiswahili hapo skulini kwenu, ameniomba niwaandikie nyinyi walimu wapya kurasa chache juu ya kusomesha mashairi ya vita. Hasa anataka niseme juu ya lile jambo ambalo mitihani hulipenda: vipi mshairi wa vita huyageuza maumbile yakawa adui wa askari. Nilikubali kabla sijafikiri, kama kawaida yangu. Sasa nimekaa ukumbini kwangu hapa Pujini, Pemba, karatasi mbele, miwani puani, na ukweli ni kwamba sijui niwaambie nini. Somo nililolisomesha miaka yote kwa sauti ya juu limenivurugikia. Nisomeni hivyo hivyo, huenda nyinyi mkaelewa kuliko mimi.

Jina langu hamna haja nalo. Wanafunzi waliniita Bi Tashihisi, wakidhani sijui. Tashihisi, kwa mliosahau baada ya kutoka chumba cha mtihani, ni ile mbinu ya kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu: jua likacheka, njaa ikabisha hodi. Mimi nilikuwa na maradhi nayo. Nikiiona kwenye shairi furaha hunipanda mpaka nasahau kuuliza kama kweli imo. Wanafunzi wangu walijua kwamba swali likiwashinda, waandike "hapa pana tashihisi" na mkono wa Bi utalegea. Wengi wamefaulu kwa njia hiyo na sasa wana vyeo.

Aliyenilea kazini ni Mwalimu Kombo, Mungu amrehemu. Wiki yangu ya kwanza alikaa nyuma ya darasa, mikono kifuani, akanisikiliza nikichambua shairi mpaka jasho likanitoka. Tulipotoka nje akaniambia, "Umesomesha vizuri. Mtunzi yu hai?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi umesomesha nusu." Yeye alikuwa na ada ya kuwafuata watunzi kwa baiskeli. Safari moja alitoka Chake mpaka Mkoani kwenda kumuuliza mchukuzi mmoja wa bandarini maana ya neno alilolitumia katika shairi la harusi, neno ambalo sisi walimu tulikuwa tumeligombania wiki nzima. Yule mchukuzi akamjibu kwamba halina maana yoyote, mizani zilimpungua akatia chochote. Mwalimu Kombo alirudi anacheka peke yake barabarani, na siku ya pili akawaambia wanafunzi kama alivyoambiwa.

Mimi ada ile sikuirithi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mtunzi akishalitoa shairi lake, shairi si lake tena, ni la msomaji. Niliipenda kauli ile. Ilikuwa ya kisomi, na pia iliniepusha na barabara ya Wingwi, kijiji cha wengi wa wanafunzi wangu, ambayo walioipita enzi zile viuno vyao vinaikumbuka.

Sasa njooni kwenye vita na maumbile. Nilikuwa nikianza hivi, na bado naona si mwanzo mbaya: msiwaambie wanafunzi kitu. Lisomeni shairi kwa sauti mara tatu, mara ya tatu waghani wao. Kisha waulizeni, katika shairi hili nani anampiga nani? Watatafuta bunduki. Watashangaa kuona askari wa adui hamo, au yumo mstari mmoja tu, lakini tope limo, baridi imo, mbu wamo, mto umo, na vyote hivyo vinafanya vitendo vya kivita. Tope linakamata. Mto unateka. Ukungu unavizia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwapa sababu mbili. Ya kwanza, adui mtu askari humwona kwa nadra, pengine asimwone kabisa, lakini mvua humlowesha kila siku. Ya pili, askari yuko ugenini, na ardhi isiyomjua humtisha kuliko mtu. Sababu ya tatu nimeipata nikiwa tayari nimestaafu, tena si kitabuni, na nitaifikia.

Tatizo ni kwamba watoto wa huku kwetu hawakunielewa. Mtoto wa Wingwi ukimwambia tope ni adui anakutazama mara mbili. Tope ndilo mpunga. Mvua ndiyo mihogo, ndiyo majani ya ng'ombe, na ikichelewa watu wazima hutoka kwenda kuiomba kwa sala. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyo askari hana shamba?" Nikaona bora niwaonyeshe kwa vitendo. Nikawachukua darasa zima mpaka bonde la mpunga, nikawabebesha mikoba imejaa mawe, nikawaamrisha wavuke kwa mwendo wa kijeshi. Wao walivuka wanaimba. Aliyekwama ni mimi. Kiatu kimoja kimebaki mle mpaka leo, na akina mama waliokuwa wakipalilia walicheka hadi wakakaa chini. Nilirudi skuli na mguu mmoja mtupu, nikaandika ubaoni: Maumbile ni adui. Siku hiyo niliamini.

Lile shairi lenyewe lililonivuruga lililetwa kwangu mkononi. Siku ya mkutano wa wazazi alinijia mtu mzima mmoja wa Wingwi, mkulima mwenye mbuzi wachache, mkimya, tumwite Mzee Faki. Alipokuwa kijana alikuwa askari, na vita vya kule mpakani, bara, alivipigana. Alinipa karatasi mbili zilizokunjwa nne, akasema, "Wasomeshe watoto, Mwalimu. Walighani lisikike." Basi. Akaaga akaenda zake.

Shairi lilikuwa Kiswahili, lakini ameliandika kwa hati za Kiarabu, kama walivyozoea watu waliosoma chuo cha Kurani kwanza kabla ya skuli. Nililihamisha mwenyewe kwa mashine ya chapa, kwenye sitensili, zile karatasi za nta ambazo ukikosea herufi moja unapaka dawa na kupuliza mpaka kichwa kizunguke. Nyinyi wa simu na projekta hamtazijua, na hamjakosa kitu. Halikuwa na jina. Nikalipa jina mwenyewe, "Maumbile Adui," na nikajipongeza. Ubeti wa kwanza ni huu:

Tope lanivuta guu, nyasi nazo zanikwaa,
Mbu nao wako juu, kucha kutwa wana njaa,
Mto nao ni mkuu, watu wawili watwaa,
Mvua kaja kwa nyuma, mkono kanikamata.

Na huu ndio wa mwisho, ambapo kile kituo, mstari wa kumalizia, kinabadilika:

Ukungu wafunga njia, sioni mtu mwituni,
Moyo unanikimbia, kidole kiko chumani,
Na kabla sijatulia, ngurumo masikioni,
Mvua kaja kwa nyuma, nami sikumtambua.

Jamani, niliposoma "mkono kanikamata" nilikaribia kupiga kigelegele. Mvua ina mikono! Na "sikumtambua," siyo "sikuitambua." Kiambishi cha mtu kimepewa mvua! Niliwasomesha wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, kwamba hapa ndipo tashihisi inapofika kileleni: mshairi ameyachukua maumbile akayavisha sare ya adui, mvua imekuwa komando anayenyatia kwa nyuma, na ngurumo ni radi, silaha ya mbinguni. Nilikuwa nikiinua mikono juu nikifika kwenye radi. Na hati zile za Kiarabu hazina herufi kubwa wala ndogo, halafu nilipolihamisha, neno lenyewe limekaa mwanzo wa mstari, likapata herufi kubwa kama neno lolote jengine. Hakuna kilichonishtua.

Katika darasa lililokuwa la kwanza kulisoma shairi lile alikuwamo Salma, huyu huyu wa kwenu, wakati huo kidato cha tatu, msichana mwembamba wa Wingwi anayekaa karibu na dirisha. Niliuliza katika mtihani: adui mkubwa wa msemaji ni nani au ni nini? Darasa zima liliandika maumbile. Salma aliandika: "Adui wake ni woga. Mvua si mvua, ni mtu. Mvua haiji kwa nyuma, huja kwa juu, tena haisemwi kaja."

Nilimpa sifuri. Na kama hilo halikutosha, nikalisoma jibu lake mbele ya wenzake. Nikasema, "Mvua ni mtu? Basi na jua ni shangazi yako?" Darasa likaangua kicheko. Salma aliinama akatazama daftari lake, na tangu siku hiyo hakubishana nami tena. Aliandika nilichokitaka, akafaulu, akaenda chuo, akarudi kuwa mwalimu. Nikisema nilikuwa kijana na joto la kazi nitakuwa najitetea. Nilifanya vibaya, na nikilikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu.

Siku ya sherehe ya skuli wasichana walilighani lile shairi mbele ya wazazi. Nakumbuka bibi mmoja wa mstari wa mbele, amejifunika kanga mbili, alinyanyua mkono walipomaliza. Akasema, "Rudieni hapo mwisho." Wakarudia. Akasema tena, "Rudieni." Nilivimba kwa fahari. Nilimwambia mwalimu mwenzangu, unaona, tashihisi inamfikia hata asiyekwenda skuli. Mzee Faki alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwenye mlango, na shairi lilipokwisha mara ya tatu hakuwapo.

Maana ya hayo yote naijua sasa. Wakati ule nilijua kwamba nimesomesha vizuri.

Muhula uliopita Salma alinipigia simu. Ana vyombo vipya, anataka kumrekodi Mzee Faki kwa sauti yake awasikilizishe wanafunzi, na akaniomba tufuatane kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa shairi. Nikaona aibu kwamba tangu nipewe sijawahi kukanyaga kwake. Tulikwenda kwa gari ya Salma, asubuhi, barabara ni ile ile. Tulimkuta uani anakatakata majani ya mbuzi, mvi zimemjaa, masikio mazima. Salma akaweka simu juu ya kinu. Mimi nikaanza, maana kuanza ni tabia yangu.

"Mzee Faki, vipi ilikujia fikra ya kuifanya mvua iwe mtu?"

Akaacha panga. "Kuifanya ntu? Mie?"

"Si umesema, Mvua kaja kwa nyuma, mkono kanikamata. Umeipa mikono."

"Mwalimu, weye kwenu wapi?"

"Pujini."

"Na Pujini mvua husema kaja?"

Mimi Mpemba, niliyezaliwa nikisema Juma kaja, mama kenda, baba kalala. Kwetu, ukisema kaja umeshasema mtu. Mvua hatuisemi hivyo; hata mtoto anayejifunza kuzungumza hasemi hivyo. Nililijua hilo kabla sijaijua herufi moja, na chuo cha ualimu kikanifanya nilisahau mbele ya ubao.

"Mvua yaja," akasema, taratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Mvua yanyesha. Huyu alokuja ni Mvua, ndugu yake Bi Mize, hapo ng'ambo ya bonde. Jina la karatasini Hamad, ila kazaliwa masika nyumba yavuja, wakamwita Mvua, na hakuna alomwita jengine. N'likwenda naye vitani tukiwa wawili, n'karudi mmoja."

Salma aliinua macho kutoka kwenye simu. Bi Mize ni bibi yake.

Mzee Faki alitueleza bila kunyanyua sauti. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, yeye kashika zamu. Mvua alikuwa ameshuka mtoni kuteka maji, akapandia njia nyengine. Tangu utotoni alikuwa na utani wa kunyatia wenzake kwa nyuma na kuwashika mkono, na wote kijijini walishauzoea. Akauleta na kule. "N'kageuka kidole kishajifinya. Ile ngurumo siyo radi, Mwalimu." Jeshini waliandika kwamba amefia vitani. Akasema hilo si uongo, kweli kafia vitani.

Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu ndilo lililokuwapo mdomoni. "Na mvua ya mbinguni haikuwapo?"

"Haikuwapo vipi? Wiki nzima hatujakauka. Tope ndo lomeza hatua zake. Lau kukavu ningelisikia majani, ningelisema huyu Mvua na utani wake."

"Basi adui ni nani?" nikamuuliza. "Ni maumbile au si maumbile?"

"Hilo weye ndo mwalimu," akanijibu. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akisubiri nimwambie.

Kisha akaniuliza yeye. "Kwani miaka yote hiyo watoto mkiwasomesha nini?" Nikamwambia ukweli: kwamba tumewasomesha mvua inayonyesha, tukawaambia mshairi ameipa mikono na ujanja wa adui. Nilimwona uso unamshuka. Akakaa juu ya kipande cha gogo, panga limelala mapajani.

"Na Bi Mize naye kasikia hivyo? Kasikia mvua?"

Ndipo alipotueleza kwa nini alilileta shairi skuli. Aliporudi vitani alikwenda kwa Bi Mize mara nyingi, kila mara ulimi ukamganda. Akaona bora alitie katika shairi, watoto walighani, dada mtu alisikie hadharani, naye aamue. Siku ya sherehe alisimama mlangoni, akamsikia akisema rudieni, rudieni, akakimbia. Ramadhani iliyofuata Bi Mize akampelekea futari. Na iliyofuata. Hajawahi kukosa hata mara moja, bakuli limefunikwa kawa, kwa mkono wa mmoja wa wajukuu. "N'kajua kanipa radhi," akasema. "N'kala futari ile nalia. Sasa weye waniambia huenda alikuwa akimpa futari rafiki wa nduguye tu, hajui kitu. Basi n'mekula chakula cha wizi."

Nimefanya makosa mengi kazini. Nimewahi kusahihisha mtihani wa darasa zima kwa majibu ya swali jengine. Lakini sikuwahi kuhisi kama nilivyohisi pale, kwamba nimemharibia mtu radhi yake kwa kutia jina juu ya shairi lisilokuwa na jina. Nilitaka kumwambia pole na sikuona pole inakaa wapi. Salma akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa na ushahidi mwengine, Mwalimu. Bibi alikuwa akimtaja nduguye nyumbani, Mvua hivi, Mvua vile. Ila hukuniuliza."

Mzee Faki akanyanyuka, akatia kofia yake. "Twendeni," akasema. "N'shazeeka, siwezi tena kungoja ghani ya watoto."

Tulivuka bonde kwa miguu, yeye mbele. Mpunga ulikuwa umesimama vizuri na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa baharini. Tope lilinishika viatu vyote viwili na safari hii nilivivua mapema nikavibeba. Nilikuwa namwomba Mungu, na sikujua namwomba nini. Kama Bi Mize hajui, basi tunakwenda kumuua ndugu yake mara ya pili. Kama anajua, kwa nini hakusema miaka yote? Kila nikijaribu kupanga maneno ya kumsaidia mzee wa watu, nayaona yote ni maneno ya ubaoni.

Tulimkuta kibarazani anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda bila ya macho. Nilimtambua. Ndiye yule bibi wa kanga mbili. Tukabisha hodi, tukakaribishwa, tukampa shikamoo zake, akazipokea. Mzee Faki hakukaa. Alisimama chini ya upenu, kofia kaivua kaishika kwa mikono miwili.

"Bi Mize, lile shairi la watoto wa skuli. Lile la Mvua."

"Nnalijua."

"Mvua yule si mvua."

"Faki, n'nani kakwambia mie n'mesikia mvua?" Vidole havikusita. "Kaja, kanikamata, sikumtambua. Mie ntu wa wapi hata n'sielewe? N'liwambia watoto warudie ili n'hakikishe ngurumo ile ngurumo gani."

Mzee Faki akakaa chini pale pale, kwenye mchanga. Mimi nikajikuta nimesema, "Bi Mize, kumbe ulijua siku ile ile! Mbona hukuniambia nasomesha makosa?"

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Usiku wa sherehe Salma akanambia, Bibi, Mwalimu asema ni mvua ya mbinguni, na mie n'mesema ni ntu, kanipa sifuri. N'kamwambia wachia hapo hapo, na sababu sikumpa. Mwalimu kasema mvua, basi mvua. Mvua ya mbinguni haina watoto wa kunyooshewa vidole njiani. Faki anao sita. Mvua yabeba, Mwalimu. Haichoki."

Hiyo ndiyo sababu ya tatu niliyowaahidi, nami sijui hata kuiandika ubaoni. Miaka yote nikisema askari huyalaumu maumbile kwa sababu yanamtesa. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda huyalaumu kwa sababu hayaumii, hayana dada, hayana mlango ambao utaupita kila siku ukiinamisha kichwa.

"Basi umenisamehe?" Mzee Faki akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kwani futari n'kimpelekea nani?" Bi Mize akasema. Na hapo ndipo vidole viliposimama. Akalia, kidogo, kwa upande wa kanga, na Mzee Faki akalia wazi wazi, na mimi pia, na Salma akasogea pembeni kuzima simu aliyokuwa ameizima tangu zamani.

Kabla hamjaniuliza: ruhusa ya kuandika haya ninayo. Mzee Faki amewaeleza wanawe wote sita kwa kinywa chake, na ndiye aliyeniambia niandike. Majina nimeyabadilisha isipokuwa la Salma, mnayemjua, na la Mvua, ambalo likibadilishwa hakuna kinachobaki. Lakini msomeshe nini, sijui. Mkiwaambia wanafunzi Mvua ni mtu, mmesema kweli, na tope lililomeza hatua zake mmelisahau. Mkiwaambia ni mvua, mmefanya kama Bi Mize alivyotaka, ila mmemtoa Hamad katika shairi lake. Salma aliniuliza njiani kuhusu ile sifuri yake, akicheka kidogo, na mimi nikachukua kalamu kwenye mkoba kama ninayetaka kuisahihisha, kisha nikaona sina karatasi ya kuandikia. Jambo moja tu nina yakini nalo: mtoto akiandika jibu la ajabu, muulizeni amelitoa wapi kabla hamjacheka.

Nimebakisha kitu. Tulipokuwa bado pale kibarazani, wote macho mekundu, matone makubwa yakaanza kugonga makuti, moja moja, kisha kwa pamoja. Mzee Faki alikuwa bado amekaa mchangani. Bi Mize akakusanya ukili wake, akatazama nje mpaka bondeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya Faki, nyanyuka. Mvua kaja. Ingieni ndani."

Kaja. Nililisikia vizuri. Mzee Faki naye alilisikia, maana alishikilia nguzo akabaki ameduwaa, mvua inamlowesha mabega, anatabasamu na machozi yanamtoka. Salma akanisogelea sikioni. "Mwalimu," akaninong'oneza, "ile ni tashihisi?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Tukaingia ndani.